Besi Kati ya Magunia ya Maharagwe

Kuna mtu mmoja Nyamitaba aliyenifuta katika nyimbo kumi na nne, na bado nilikuwa namwita Papa, namkaribisha chakula, na nikikutana naye njiani namsalimia kwa mikono miwili. Hakunifuta kwa chuki. Alinifuta kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, akishusha kitufe kidogo kwenye meza yake ya kuchanganyia sauti, huku akisema, “Kidogo tu, kaka. Kidogo tu.” Kitufe hicho kilikuwa mimi. Mimi ni mpiga gitaa la besi wa kwaya yetu, na kila alipomaliza kunishusha kidogo tu, nilikuwa sipo tena.

Jina lake silitaji, na kusema kweli wengi wetu hatukulijua. Tulimwita Papa Sono. Sono, kwetu, ni vile vyombo vya sauti vyote kwa pamoja: bafle, yaani spika kubwa, mikro, nyaya na ile meza yenye vitufe. Harusini yeye ndiye aliyekuja na sono, msibani vilevile, na kwenye mikutano ya kanisa. Lakini heshima yake kubwa aliipata studio, ambako kwaya za vilimani zilikwenda kurekodi. Alichukua sauti za watu thelathini, magitaa matatu na ngoma, akazipanga kwenye kompyuta yake mpaka kila moja ikapata mahali pa kukaa. Isipokuwa yangu.

Jambo hili lingekuwa dogo kama si baba yangu. Baba ni mkulima wa maharagwe na mihogo, na miguu yake ilikataa kilima zamani, kwa hiyo kanisani hafiki. Nyumba yetu iko juu kabisa, pikipiki haipandi. Niliwahi kumwambia tumbebe kwa kipoyi, kile kitanda cha kubebwa mabegani, akanitazama mpaka nikajuta. “Kipoyi iko ya wagonjwa,” alisema. “Miye siko mugonjwa. Miye niko tu hapa.” Kwaya yetu aliisikia kwenye kiredio chake cha kadi ya memori, chenye spika ndogo sawa na kitako cha kikombe. Alisikia wamama wakiimba, alisikia gitaa la solo, alisikia hata kikohozi cha mzee mmoja wa sauti ya nne. Besi hakuisikia hata siku moja.

Sasa fikiria hali yangu. Kila Jumamosi naacha palizi, naenda mazoezini, nasema naenda kupiga besi. Kadi inakuja, baba anasikiliza nyimbo zote mpaka mwisho, kisha anauliza, “Na weye uko wapi?” Nasema niko chini. “Chini wapi?” Siku moja nilimletea gitaa lenyewe nyumbani, bila mashine ya kukuza sauti maana sono ya kanisa haitoki kanisani, nikampigia. Bila umeme gitaa la besi linatoa sauti ya ng’ombe anayetafuna. Baba alisikiliza kwa adabu, akauliza kama limeharibika. Toka siku hiyo wapita njia walipomuuliza habari za mwanawe wa kwaya, alijibu, “Iko kule kanisani, anashikiaka mwenyewe gitaa.” Yaani gitaa lina mwenyewe, mimi kazi yangu ni kulishika asipokuwepo. Watu walicheka. Mimi niliumia, na ninasema wazi kwamba niliumia sana, kwa sababu baba hakuwa anatania.

Ndiyo maana nilimchunguza Papa Sono kuliko mtu mwingine yeyote niliyewahi kumjua. Nilitaka kuelewa kwa nini mtu anayejua sauti kiasi kile hakuweza kunipeleka kilimani kwetu.

Cha kwanza kilichokushangaza kwake ni sauti yake mwenyewe. Mtu aliyetawala ngurumo za eneo zima aliongea kwa sauti nyembamba ya kifaranga. Waliompigia simu walisema, “Bonjour Mama, Papa Sono iko?” Kama hakumpenda anayepiga, alijibu, “Ametoka,” akakata, akaendelea na kazi yake bila hata kutabasamu. Nilimwona akifanya hivyo kwa mchungaji mara mbili. Na alichukia kelele. Kiti hakukiburuza, alikiinua. Kuku aliwafukuza mbali na mlango. Ukicheka kwa nguvu studio alinyanyua kidole, akasubiri umalize, kisha akashukuru kwa Kifaransa.

Pamoja na hayo, harusini ungemkuta ameketi chini, mgongo ameuegemeza kwenye bafle kubwa kuliko yote, macho amefumba, anatikisika kidogo. Alisema ndivyo anavyopima. “Besi haisikiwake na sikio,” alitufundisha. “Sikio iko ya wamama na ya solo. Besi iko ya mugongo.” Tulimuuliza mbona anatuhubiria kila siku tupunguze besi na yeye mwenyewe anaioga. Akasema daktari naye anakataza watu pombe. Hatukuelewa jibu hilo linasaidiaje, lakini alilitoa kwa uhakika mkubwa.

Besi aliipima kwa uangalifu ambao chumvi hakuipa. Maharagwe yake alijipikia mwenyewe, na yalikuwa makali kiasi kwamba mgeni alikula huku anatafuta maji kwa macho. Kwenye wimbo angeweza kukaa saa nzima akitafuta mahali pa kupunguza sauti nzito kwa unywele mmoja, kisha akainuka, akamimina konzi ya chumvi kwenye chungu bila kutazama.

Kipimo chake kingine kilikuwa kikombe cha maziwa. Alikiweka juu ya bafle, akafungulia wimbo, akainama kukitazama. Maziwa yakichora duara nyembamba, besi ni nzuri. Yakirukaruka, imezidi. Baada ya kila kipimo aliyanywa, akaomba mengine, maana kipimo kilichokwisha kutumika, alisema, hakiaminiki tena. Mama Kiongozi, yule mama anayeongoza kwaya yetu, alikuwa na ng’ombe wawili wazuri. Kwa miaka mingi alileta maziwa kila siku ya kurekodi, akiamini mashine haiwezi kufanya kazi bila hayo. Siku nilipomwambia ukweli alisema, “Acha anywe. Iko mukonda.”

Kuhusu kazi yenyewe, alikuwa na fundisho moja ambalo alilirudia mpaka tukaliimba. Chini ya wimbo, alisema, kuna mlango mmoja mwembamba. Ngoma ya mguu inataka kupita hapo, besi inataka kupita hapo, sauti za wababa zinataka, mkono wa kushoto wa kinanda unataka, hata upepo ulioingia kwenye mikro unataka. Wote wakiingia pamoja wanakwama, na msikilizaji anasikia uji. Kwa hiyo yeye alikaa mlangoni na kumuuliza kila mmoja ana kazi gani pale. “Soprano anafanya nini huku chini? Hana kazi. Atoke.” Akaikata ile sehemu nzito ya sauti ya mwimbaji, ambayo hakuna anayeihitaji, akaacha ya juu ing’ae.

Shida ilikuwa maneno aliyotumia kuieleza kazi hiyo. Siku moja mwimbaji mpya, mama mwenye haya sana, alimaliza kuimba, na Papa Sono akamwambia kwa upole, mbele ya kwaya nzima, “Mama, sauti iko nzuri. Lakini nitakukata chini kidogo.” Yule mama alishika kikwembe chake kiunoni kwa mikono yote miwili, akarudi nyuma mpaka ukutani. Ilibidi Mama Kiongozi aeleze. Papa Sono hakuona kilichotokea. Alikuwa amekwisha kumkata, na anakitazama kikombe.

Studio yake ilikuwa chumba cha nyuma cha depo ya mazao. Wakulima walileta magunia ya maharagwe, wakayapanga kwenye kona zote mpaka karibu na dari, na yeye akaweka meza yake katikati. Alikuwa analalamika. Magunia yanakula nafasi, yanaleta panya, yanamkosesha mahali pa kutundika nyaya. Mazao yalipotolewa, alifagia, akasema, “Sasa njo studio,” yaani sasa ndiyo studio, na akafanya kazi kwa furaha katika chumba kitupu. Kwaya yetu ilipendwa naye, kwa hiyo alituita wakati huo tu, wakati wa kupanda, chumba kikiwa safi. Alidhani anatufanyia hisani.

Kumbe kwaya moja ya kilima cha jirani, ambayo hakuipenda kwa sababu walikuwa wanachelewa na kuacha maganda ya ndizi, aliwarekodi wakati wa mavuno, wamebanwa katikati ya magunia. Kadi yao ilipotoka, nilisikia kanisani besi inayotembea wazi, nene, imekaa mahali pake. Mpiga besi wao nilimjua. Alikuwa na vidole viwili vinavyofanya kazi. Nilikwenda kwa Papa Sono siku hiyohiyo nikiwa nimekasirika, nikamwambia anapendelea.

Hakukasirika. Alichukua daftari, akaandika kwaya zote alizowahi kurekodi, na pembeni akaandika besi ilitokaje na ilikuwa wakati gani. Alipomaliza alikunja uso. Kwaya za mavuno, besi nzuri zote. Kwaya za kupanda, hakuna besi. Alifikiri kwa siku mbili, kisha akatangaza amepata sababu. Wakati wa mavuno watu wanashiba. Mtu aliyeshiba anapiga besi kwa nguvu na anaimba kutoka tumboni. Wakati wa kupanda watu wana njaa, na njaa inaingia kwenye gitaa.

Hakuna aliyepinga, maana aliisema kwa utaratibu sana. Tukaambiwa tukija kurekodi tule kwanza. Mama Kiongozi alipika sufuria mbili kubwa za maharagwe, watu thelathini wakala mpaka wakafungua mikanda, kisha tukaingia kwenye kile chumba kidogo, mlango ukafungwa. Wimbo ulikuwa wa taratibu, wa maombi. Tulipofika ubeti wa pili, sauti nyingine za chini zilianza kutokea, ambazo hazikuwa katika mpangilio. Mwanzo ilikuwa moja, upande wa wababa. Kisha zikajibizana. Papa Sono alivua kaske ya kusikilizia masikioni, akaivaa tena, akatazama kompyuta yake kwa mshangao wa mtaalamu. “Hii imepita mlango gani?” aliuliza. Mama Kiongozi alitoka nje akalia kwa kicheko, na kurekodi kuliishia hapo. Na katika zile beti chache zilizosalimika, besi haikusikika.

Ukweli ulikuja na mtu aliyefuata gunia lake. Tulikuwa mwishoni mwa mavuno, nami nimekaa karibu na meza, Papa Sono anachanganya wimbo wa harusi ya mtu. Mkulima mmoja aliingia, akaomba radhi, akapakia gunia begani kutoka kona ya kulia, akatoka. Papa Sono akageuza kichwa. Besi ilikuwa imevimba ghafla na hakuna aliyegusa kitu.

“Papa,” Papa Sono akamwita yule mkulima, “rudisha gunia.”

Mkulima akarudisha. Besi ikatulia.

“Toa.”

Akatoa. Besi ikavimba.

“Rudisha.”

Walifanya hivyo mara sita. Gunia lile lilikuwa zito na yule mtu alikuwa anatoa jasho mpaka kwenye masikio. Mwishowe alisimama mlangoni, gunia begani, akauliza kwa unyonge, “Papa, niende ao nisiende?” Papa Sono hakumsikia. Alikuwa ameweka kiganja ukutani, kwenye kona tupu, kama anayepima homa ya mtoto.

Baadaye alinieleza, na hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona ana aibu. Sauti nzito, alisema, hukimbilia kwenye kona na kurundikana huko. Gunia la maharagwe likiwa pale, linaimeza. Likiondoka, besi inarudi kutoka ukutani na kuongezeka juu ya nyingine, na fundi aliyekaa katikati anasikia nyingi kuliko iliyopo kwenye wimbo. Anasema imezidi, anaishusha. Kumbe kilichozidi ni chumba. Wimbo ukitoka nje ya kile chumba, unakuta besi imeachwa mle ndani. “Kaka,” aliniambia, “nilikuwa nasahihisha nyumba, na nilikuwa nakukata weye.” Nilimsamehe palepale. Ningefanya nini? Alikuwa ameshika kofia mkononi.

Baada ya hapo alikuwa mtu mwingine, tena msumbufu zaidi. Mkulima akija kuchukua mbegu zake, Papa Sono alimsihi aache hata gunia moja, la kona ya kulia, mpaka wimbo uishe. Watu wakakataa, maana mvua haisubiri wimbo. Akajaribu majani makavu, panya wakashukuru. Akajaribu magodoro, mke wake akayadai. Mwisho aliomba kanisa limpe mashemasi wawili wanene. Aliwasimamisha kila mmoja kwenye kona, wakitazama ukuta, wakati yeye anachanganya. Walisimama kwa uvumilivu saa nzima. Mmoja akasinzia wima. Papa Sono alisema wanafaa, ila si sana, kwa sababu shemasi anapumua na maharagwe hayapumui.

Wimbo wetu uliofuata ulichanganywa wakati wa mavuno, magunia yakiwa mpaka darini. Kanisani besi yangu ilitembea. Nilipanda kilima na kadi mkononi nikikaribia kukimbia. Baba aliweka kadi kwenye kiredio chake, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, “Na weye uko wapi?” Spika ile ndogo haikuwa na uwezo wa kutoa sauti ya chini namna ile hata ungeifunga na kamba. Nilikaa nje mpaka chakula kikapoa.

Papa Sono nilimwambia, naye akatikisa kichwa. Ugonjwa huo aliujua kutoka upande wa pili, kwa sababu ya mji wa Mubi. Nyimbo zake zilikuwa zinakwenda mpaka kule msituni Walikale, ambako maduka yana bafle refu kuliko wateja na magari makubwa yanasimama mbele yake kupakua. Watu wa Mubi walitaka besi ipige kifuani. Sisi wa vilimani tulisikiliza kwenye simu na viredio. Wimbo uliofaa hapa ulikuwa mwembamba kule, na wa kule ulikuwa uji hapa. Alikuwa anawasema vibaya sana watu wa Mubi, kwamba wameharibika masikio, kwamba wao wanakula besi badala ya kuisikiliza. Lakini barabara ikiwa nzuri tu, alikuwa wa kwanza kutafuta pikipiki ya kwenda, na akirudi alikuwa mchangamfu wiki nzima, mgongo umenyooka.

Basi akawa anatoa kadi mbili za kila wimbo, moja ya Masisi, huku kwetu vilimani, na moja ya Mubi. Alizitofautisha kwa uzi, mwekundu na mweusi, na siku moja akasahau uzi upi ni wa nani. Mwenye duka wa Mubi alipiga simu akisema ametumiwa kwaya ya mbu. Kwetu, kadi ya Mubi ilifunguliwa Jumapili kanisani, mchungaji akiwa amenyanyua mikono kwa sala. Noti yangu ya kwanza ilipotoka, mabati yote yalianza kutetemeka pamoja. Vumbi lilishuka kutoka darini, kisha popo wakashuka, wengi, wanazunguka mchana kweupe juu ya vichwa vya waumini. Mashemasi walitoka kupitia dirishani, na unene wao. Mchungaji, ambaye hakuwa amefumbua macho, alisema amina.

Mimi, katikati ya fujo ile, nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuificha. Nilijua habari itafika kilimani. Ilifika kweli. Jirani alimweleza baba kwamba radi ilipiga kanisa. “Ilikuwa miye, Papa,” nikasema. “Ilikuwa besi.” Baba alinihurumia. “Mutoto yangu,” alisema, “hata radi unataka kushikia mwenyewe?”

Mara ya mwisho kumwona Papa Sono ni alipokuja kutuaga. Alikuwa anahamia Mubi kwa binti yake, akisema amechoka na baridi, ingawa sisi tulijua anafuata yale mabafle. Alipanda kilima chetu kwa miguu, mchana, na begi lake mgongoni, akipumzika kila hatua kumi. Baba alikuwa kwenye kiti uani, kiredio pembeni. Walikuwa hawajawahi kukutana uso kwa uso. Nilipomtambulisha, baba hakupoteza muda.

“Njo weye Papa Sono?”

“Njo miye, Papa.”

“Ninakuuliza kama baba. Huyu mutoto anapigaka, ao anatudanganyaka?”

Nilitaka ardhi inimeze. Papa Sono alinitazama, akakitazama kiredio, akakigeuza na kuisoma spika yake kwa kidole. Nadhani hakuumia kwa ajili yangu. Aliumia kwamba kuna nyumba katika Masisi ambamo inasemwa kazi yake haina besi. Alivua begi, akatoa kompyuta yake, akaomba meza na maziwa.

“Hii redio haiwezi beba besi,” alinieleza huku anaunganisha waya kwenye kiredio. “Usiilazimishe, itakohoa. Tutaipatia tu ile kukwaruza ya kamba, ile ya juu kidogo. Sikio ya Papa itamalizia yenyewe hiyo ingine.” Akaufungua wimbo wetu wa mavuno. Akaipunguza ngoma ya mguu pale besi inapoingia, ili mlango uwe wazi. Akawaondoa wababa kule chini. Akaipa besi yangu ule mkwaruzo, kidogo, tena kidogo, akisikiliza kwa hicho kiredio tu. Sikio lake lilikuwa karibu kukigusa, na baba naye ameinama upande wa pili. Vichwa vyao viwili vya mvi vilikaribia kugongana. Hapakuwa na kona pale uani, wala gunia. Maziwa yalikaa mezani hayakutikisika hata kidogo, akayanywa hivyohivyo.

Alipomaliza aliunakili wimbo kwenye kadi ya kiredio, akaufungulia kutoka mwanzo, akakaa. Wamama wakaanza. Solo likaingia. Kisha, kutoka kwenye kile kitako cha kikombe, nikajisikia. Nilikuwa mdogo, mwenye mafua, lakini nilikuwa natembea, noti moja baada ya nyingine, mimi kabisa. Baba alinyanyua kidole.

“Njo yeye hii? Dum, dum?”

“Njo yeye, Papa.”

“Kumbe iko.” Baba alisikiliza mpaka mwisho wa wimbo. Akaomba urudiwe. Safari hii alikuwa anapiga goti lake polepole, na uso wake ulianza kukunjamana. Akaomba mara ya tatu. Kisha akanigeukia, kwa upole ambao sikuuzoea.

“Mutoto yangu. Uko unachelewa.”

Nilimtazama Papa Sono anitetee. Alikuwa anakunja waya, taratibu sana, anautazama waya tu.

“Kila mara,” baba alisema. “Ngoma inafika, weye bado uko njiani. Papa Sono, miye najidanganya?”

Papa Sono aliweka waya begini. “Hapana, Papa,” alisema kwa kile kisauti chake. “Anachelewaka. Toka mwanzo. Magunia iliniharibia kazi, njo ukweli. Lakini hata bila magunia nilikuwa namufichaka kidogo.”

Nilikaa chini palepale uani. Niliona aibu, na bado sikuweza kuacha kutabasamu, kwa sababu mtu hawezi kusemwa anachelewa kama hakufika. Papa Sono aliagana nasi, akanishika mkono kwa mikono miwili, na akaanza kuteremka, mgongo umenyooka, begi linagonga kiuno. Hakugeuka.

Nyuma yangu nikasikia kiti kinasukumwa. Baba alikuwa amesimama, fimbo mkono huu, kiredio mkono ule, anajikokota kuelekea kwenye ua wetu wa miti, hatua ambazo sikuwa nimemwona akizitembea toka mvua za mwaka jana. Majirani wawili walikuwa wanapita njiani na majembe. Aliwasimamisha, akaongeza sauti mpaka kiredio kikaanza kukwaruza.

“Sikilizeni vizuri, huku chini,” aliwaambia. “Huyu mwenye kuchelewa, njo mutoto yangu.”